Nimesahau Miwani Nyumbani: mazungumzo kuhusu mtu mzima na kujifunza

Wengi hamkuweza kufika siku ile na mmekuwa mkiniuliza nilisema nini, basi nimeandika yote hapa kama nilivyoongea. Picha za kwenye skrini nimeziacha, maana hata waliokuwepo wakakaa nyuma hawakuziona vizuri.

Ndugu zangu, walimu wenzangu wa madarasa ya jioni, na nyie mliokuja kama wanafunzi, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Eeh, hapo sawa.

Kabla sijasema chochote, nyoosha mkono kama ndani ya miaka mitano iliyopita ulianza kujifunza kitu, lugha, kompyuta, ushonaji, gitaa, uhasibu, chochote kile, halafu ukaachia njiani. Msiogope, wangu mimi huu hapa juu. (Karibu ukumbi mzima ulinyoosha, na vicheko.) Haya shusheni. Sasa mtu akikuuliza kwa nini uliacha, unamjibuje? Muda hakuna. Kazi. Watoto. Umri bwana, kichwa kimeshakuwa kigumu. Si ndio? Majibu hayo nimeyasikia kwa miaka mingi ya kufundisha watu wazima na siyakatai, muda kweli ni shida, mtu ametoka kazini saa kumi na mbili jioni na mtoto ana homa nyumbani hutamwambia habari za hamasa. Lakini kuna jibu moja ambalo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia usoni, na mimi naamini ndilo linaloondoa watu darasani kuliko yote. Aibu. Mtu mzima anaacha kwa sababu ya aibu, na anarudi akipata mahali ambapo anaweza kuwa hajui na heshima yake ikabaki pale pale. Hilo ndilo nimekuja kulisema leo, mengine yote ni kulifafanua tu.

Tuanze na hiki kichwa kigumu maana ndicho kisingizio kinachopendwa. Samaki mkunje angali mbichi, tumeimbiwa tangu wadogo. Sasa sikilizeni habari za madereva teksi wa London. Ili upewe leseni ya kuendesha teksi nyeusi kule lazima ufaulu mtihani ambao wenyewe wanauita "Maarifa", unatakiwa uijue mitaa kama 25,000, yote iwe kichwani, ramani hakuna. Watu wanachukua miaka mitatu, minne. Na hawa sio watoto wa shule, ni watu wazima, wengine wana familia, unawakuta wanazunguka mji na vipikipiki, kwenye usukani wamebandika karatasi ya njia za siku hiyo. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake waliwapiga picha za ubongo madereva wa namna hiyo wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile inayoshughulika na kumbukumbu za mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Wabishi wakasema aah, labda ndivyo walivyozaliwa ndio maana wakawa madereva. Sawa, hoja nzuri. Basi Maguire na mwenzake Katherine Woollett wakafuatilia wanafunzi 79 tangu mwanzo wa masomo, kabla hawajajua kitu, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Kati yao 39 walifuzu. Walipopigwa picha tena, waliofuzu ubongo ulikuwa umebadilika pale pale, waliosoma wasifuzu haukubadilika. Mwanzoni wote walikuwa sawa! Tofauti kubwa iliyoonekana ni kwamba waliofuzu walikuwa wanajifunza kwa wiki masaa karibu mara mbili ya wasiofuzu.

Kwa hiyo samaki mkavu anakunjika. Ila anahitaji kulowekwa muda mrefu, na hapo siwadanganyi, ukishavuka arobaini kasi inapungua, majina mapya yanateleza, mimi mwenyewe nikitambulishwa kwa watu watatu kwa mpigo nashika mmoja. Kasi imepungua, uwezo upo.

Na kuna kitu kwenye ile habari ya London ambacho watu hawakiangalii sana. Wale wanafunzi wanatafuta mwenza, wanakaa wawili wanasomeana njia kwa sauti, huyu anaanzia hapa anaishia kule, kushoto, kulia, zunguka, mwenzake ameshika ramani anamkosoa. Yaani miaka mitatu ya kukosolewa na mtu aliye kwenye shimo lile lile na wewe. Shikeni hilo, tutarudi.

Sasa aibu. Naomba niwape yangu kwanza.

Niliwahi kwenda kwenye mafunzo ya kompyuta nikiwa na miaka 41. Mwalimu alikuwa kijana mdogo, mjuzi kweli kweli, mpole, hana kiburi hata kidogo. Nikakwama mahali, nataka kujumlisha safu ya namba inakataa, nikanyoosha mkono. Akaja. Unajua alifanya nini? Alinitoa mausi mkononi. Hakunipokonya kwa ubaya, aliweka tu mkono wake juu ya wangu, wangu ukatoka, tap tap tap, imekwisha. "Umeona mzee? Rahisi tu." Nikasema nimeona. Sikuona kitu! Niliona mkono unakimbia. Nikakwama tena mara ya pili, akaja, tap tap tap, rahisi tu. Mara ya tatu nikakwama sikunyoosha mkono. Nikakaa nikiangalia skrini kama mtu anayefikiri sana, unaijua ile sura, unakunja uso, unagusa kidevu. Wiki iliyofuata nikapata udhuru. Iliyofuata tena udhuru. Mpaka leo ukiangalia daftari lao la mahudhurio nadhani nimeandikwa nilikosa muda.

Hivi mmelisikia hilo neno, "rahisi tu"? Kijana alidhani ananitia moyo. Kumbe kwa mtu mzima neno hilo lina sumu, maana kama ni rahisi na mimi nimeshindwa, basi mimi ni nani? Ningeambiwa "hapa huwa panasumbua watu wengi" ningebaki. Na mausi angeniachia mkononi, hata kama ingechukua dakika kumi na yeye anaumia moyoni kuniangalia. Walimu, tafadhali, tafadhali sana, msimtoe mtu mzima chombo mkononi. Ukiona mikono inakuwasha iweke mfukoni. Mimi naiweka mgongoni.

Ya pili. Kwenye darasa la kusoma na kuandika nililokuwa nafundisha, alikuja mama mmoja mtu mzima wa makamo, kavaa vizuri, anaongea vizuri, huwezi kumdhania. Siku ya kwanza nikagawa karatasi, nikamwomba asome mstari wa kwanza. Akapapasa mkoba, akapapasa tena, akasema, "Mwalimu samahani, nimesahau miwani nyumbani." Nikasema haya, pole, nikampa mwingine. Siku ya pili miwani imesahaulika. Siku ya tatu miwani. Sasa nikamwangalia huyu mama nikagundua pale puani hakuna hata alama ya miwani. Hajawahi kuvaa miwani maishani! Kumbe ile sentensi ndiyo iliyomlinda miaka yote, benki, hospitali, shuleni kwa watoto wake, kila anaposhikishwa karatasi. Naomba unisomee kijana, nimesahau miwani. Na amekuja nayo mpaka darasa la kujifunza kusoma, mahali pekee ambapo hakuihitaji.

Ningeweza kumwambia mama, acha kujificha, hapa wote hatujui. Wapo walimu wangemwambia, mbele za watu, na wangejiona wakweli. Nami nilikaribia. Nitawaambia baadaye ikawaje.

Kuna mwalimu mmoja nampenda sana, na kinachonifurahisha ni kwamba hakuwa mwalimu. Bernice Robinson, Mmarekani mweusi, fundi cherehani na msusi wa nywele. Mwaka 1957 kule kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina, watu weusi ili waandikishwe kupiga kura walitakiwa waonyeshe wanajua kusoma, na wengi walikuwa hawajui. Kikaanzishwa darasa la watu wazima. Waanzilishi kwa makusudi hawakutaka mwalimu wa shule, waliogopa atawafundisha wazee kama watoto. Wakamchukua Robinson. Yeye kwa woga akaenda kuazima vitabu vya darasa la watoto wadogo, akafika navyo, akaviangalia, akawaangalia watu 14 waliokuja kumsikiliza, watu wa kushika jembe na kulea wajukuu, akaona hapana. Akaviweka pembeni. Akawaambia kwamba yeye si mwalimu, watajifunza wote pamoja, na akauliza swali ambalo sisi wenye vyeti tunalisahau: nyie mnataka kujua nini? Wakasema. Kuandika jina langu. Kusoma barua za watoto wangu waliohamia mbali. Kujaza fomu ya kuagiza vitu kwa posta. Basi somo likawa hayo, fomu ile ile ya posta, jina lile lile, na katiba ya jimbo ile ile watakayoulizwa kwenye kuandikishwa. Miezi michache tu baadaye wengi wao wakaandikishwa, na madarasa ya namna hiyo yakasambaa kusini mwa Marekani.

Msusi! Sisemi ualimu hauna maana, nisije nikapigwa mawe humu ndani. Nasema msusi ana kitu kimoja alichojifunza kazini, mteja akikaa kwenye kiti chake anauliza kwanza, unataka nini leo.

Na hapa ndipo kujifunza kwa mtu mzima kunapoachana kidogo na kwa mtoto. Mtoto unaweza kumwambia jifunze hiki kitakusaidia ukiwa mkubwa, akakuamini. Mtu mzima ukubwa wenyewe ndio huu, anataka kujua kitamsaidia nini wiki hii. Malcolm Knowles wa Marekani aliyeandika sana kuhusu jambo hili kuanzia miaka ya 1960 alilisisitiza, mtu mzima anakuja na shida yake mkononi na anakuja na mzigo wa aliyopitia, na ule mzigo ndio kitabu cha kwanza cha kiada. Usipoufungua, umemtukana bila kutamka tusi.

Paulo Freire wa Brazili aliufungua vizuri kuliko wengi. Mwaka 1963 katika mji mdogo wa Angicos kaskazini mashariki mwa nchi ile, yeye na timu yake walifundisha watu wapatao 300 kusoma na kuandika kwa masaa kama 40 tu ya masomo. Walifanyaje? Walikaa kwanza na watu wakasikiliza wanavyoongea, wakachukua maneno ya maisha yao. Neno moja maarufu kwenye njia yake ni la Kireno lenye maana ya tofali. Unaonyesha picha ya watu wanajenga, mnaongea, nani anajenga, nani anaishi ndani ya nyumba ikishajengwa, mwenye nyumba nani, mjadala unachemka, halafu ndio unaandika lile neno na kulivunja. Kwa Kiswahili jaribu mwenyewe, to-fa-li. Ta te ti to tu. Fa fe fi fo fu. La le li lo lu. Sasa mwachie fundi wa kujenga aziunganishe. Tafuta. Futa. Lala. Lete. Amesoma maneno manne ambayo hukumfundisha! Unajua mtu akigundua hilo sura inakuwaje? Mimi nimeiona, na hakuna cheti kinacholeta ile sura. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, Freire akatiwa ndani kisha akakimbilia uhamishoni, maana watu wanaouliza mwenye nyumba nani hawapendwi kila mahali.

Sasa mtu atasema, mwalimu, hao walikuwa na shida kubwa, kura, kusoma, mimi wafanyakazi wangu hawapendi tu kujifunza. Kweli? Allen Tough wa Canada alichapisha utafiti mwaka 1971, aliwahoji watu wazima 66 kuhusu vitu walivyojifunza kwa kukusudia ndani ya mwaka, nje ya shule vilevile. Ikatoka wastani wa masaa kama 700 kwa mtu kwa mwaka. Masaa 700! Watu wanajifunza kutengeneza bomba, kulea mtoto mchanga, kuzungumza na daktari kuhusu ugonjwa wa mama yao, na sehemu kubwa wanajipangia wenyewe bila mwalimu. Kwa hiyo ukisema watu wako hawapendi kujifunza, huenda ni somo lako ndilo hawalipendi. Nimesema huenda, msininunie.

Hebu tuje kwenye swali la pesa na vyeti maana najua mabosi wapo humu. Mwaka 1971, mwaka ule ule, mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga, yanapendeza, ukianza huachi. Kundi moja likalipwa kwa kila fumbo, jingine halikulipwa. Kisha malipo yakakatwa. Wakiachwa peke yao wapumzike, wale waliokuwa wanalipwa hamu ya kugusa mafumbo ilishuka. Mchezo ulishageuzwa kibarua. Sisemi watu wasipewe posho wala cheti, mtu anayeacha kazi yake kuja kukusikiliza anastahili. Nasema ukimfundisha kwamba anakuja kwa ajili ya posho, siku posho haipo usishangae viti vikiwa vitupu. Baadaye Deci na mwenzake Richard Ryan walieleza kwamba hamu inayodumu inakula vitu vitatu: kuwa nimechagua mwenyewe, kuona kwamba naweza, na kuwa na watu. Rudini London sasa, yule mwenza aliyeshika ramani. Rudini kwa msusi, mnataka kujua nini. Rudini kwenye tofali.

Halafu najua mnamsubiri Mzee Maruge, haiwezekani kuongea mada hii kwa Kiswahili bila kumtaja. Kimani Maruge wa Kenya, aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akaingia kwenye rekodi za dunia. Watu wanasimulia umri. Mimi navutiwa na sababu, alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, aache kusomewa na wengine. Na alivaa sare ya shule. Fikiria mzee aliyepigania uhuru, kakaa na watoto wa miaka sita, kavaa sare. Huyo aibu alikuwa ameshaimaliza kabla hajafika getini. Wengi wetu bado, ndio maana siku zote nasema tusimfanye Maruge kipimo cha watu wengine, tutengeneze madarasa ambayo hayahitaji ushujaa wa Maruge.

La mwisho ni la wanafunzi, walimu mnaweza kupumzika. Unapojisomea nyumbani unafanyaje? Unasoma, unapiga mstari, unasoma tena, unaona eeh hapa naelewa. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma andiko mara nne. Jingine lilisoma mara moja, likafunga, likajaribu kukumbuka kwa kuandika mara tatu bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja? Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliofunga na kujijaribu asilimia 61. Wazi kabisa. Sasa kwa nini hatufanyi? Aibu ile ile! Ukisoma tena hakuna anayekuumbua, kitabu kinakukubalia kila kitu. Ukifunga kitabu unakutana na wewe usiyejua, na unajionea aibu hata ukiwa peke yako chumbani na mlango umefungwa. Funga kitabu. Andika unachokumbuka, hata mistari miwili. Kesho tena, halafu baada ya siku tatu. Tafuta mwenza akuulize, mtu wa shimo moja na wewe, wala asiwe mjuzi.

Nilisema nitamalizia habari ya yule mama.

Sikumwambia kitu. Siku ya nne nilikuja na herufi kubwa, nimeziandika kwa kalamu nene, moja karatasi nzima, nikasema jamani wengi humu miwani zinasahaulika basi leo tutatumia kubwa. Akanitazama. Nadhani alijua kwamba najua. Akasoma ya kwanza. Tukaenda hivyo, nikamuuliza anataka kusoma nini hasa, akasema meseji za binti yake, zinaingia kwenye simu na anampa jirani amsomee, na jirani ana mdomo. Basi tukasoma meseji. Ilichukua karibu mwaka, kuna wiki alipotea nikadhani ndio basi, akarudi, mwenzake wa dawati moja alimfuata mpaka nyumbani kwake. Na herufi zilipoanza kuwa ndogo, za kitabu, za kwenye simu, akaanza kulalamika zinacheza. Tukampeleka kupimwa. Macho yake kweli yalikuwa mabovu, ya kusomea! Miaka yote anasema uongo wa miwani kumbe alikuwa anaihitaji, hakuwahi kujua maana hakuwahi kuwa na kitu cha kusoma. Akapata.

Basi siku moja kafika darasani amechelewa, kakaa, kafungua kitabu, kapapasa mkoba. Kapapasa tena. Akainua uso akaniangalia, akaanza kucheka kabla hajasema, na darasa zima likaanza kucheka, maana kumbe wote walikuwa wanajua. "Mwalimu," akasema, "haki ya Mungu leo nimesahau kweli."